Bomba Alilochagua Mume Wangu

Aliwasha pikipiki kwanza, ndipo akanipiga.

Naomba msome vizuri hapo. Kwanza pikipiki... halafu mimi!

Aliiegesha barazani, chini ya dirisha letu. Akapiga resi mpaka vioo vikatetemeka, kisha akafunga kipande cha mpira wa tyubu kwenye mkono wa mafuta ili injini iendelee kunguruma yenyewe. Ndipo akaingia ndani, akapiga komeo, akavua helmeti taratibu.

"Chai ya leo ilikuwa ya baridi," akasema.

Helmeti ikanipata hapa, juu ya jicho...

Nililia jamani! Niliita majirani, nikamwita Mungu, nikamwita hata marehemu baba yangu. Nani angenisikia? Lile bomba la moshi, eksozi, lilikuwa linaunguruma kiasi kwamba hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Akimaliza anatoka, anafungua mpira, anazima. Na majirani wanacheka!

"Klasiki na pikipiki yake! Huyu siku moja ataioa!"

Klasiki ndilo jina la mume wangu mtaani. Amelipata kwa hiyo pikipiki yenye umbo la kizamani, tangi la mviringo, taa kubwa ya duara na kiti cha ngozi ya kahawia. Kila asubuhi anaifuta kwa kitambaa laini. Mimi hajawahi kunifuta hata chozi.

Na mtaa ulimpenda, nyie! Msalimiaji, mcheshi, msibani yuko mstari wa mbele. Ningesema nani angeniamini?

Niliona bora nianze na mama mkwe. Chumba chake na chetu vinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Asubuhi nilimfuata, jicho limevimba halifunguki.

"Mama, mwanao ataniua."

"Kha! Kakufanya nini?"

"Jana hukusikia, mama?"

"Nisikie nini, mwanangu, na lile bomba lilivyoniua masikio? Vumilia. Ndoa ni kuvumiliana."

Nikamwamini. Ningeanzaje kutomwamini mtu aliyempokea binti yangu mikononi siku niliyomzaa?

Sasa sikilizeni hapa, maana bila hapa hamtanielewa. Lile bomba lilikuwa adui yangu, ndiyo. Lakini pia lilikuwa mlinzi wangu.

Mimi nashona mapazia nyumbani. Klasiki akirudi, bomba lilisikika tangu kona ya duka la mbao. Nikilisikia tu naacha cherehani, namtoa binti yangu mlango wa nyuma, namkimbiza kwa mama wa nyumba ya pili. Binti mwenyewe ni mdogo, hata shule hajaanza. Nilikuwa radhi nipigwe mimi, mradi yeye asiguswe.

Aliwahi kumgusa mara moja. Hiyo siwezi kuiandika hapa.

Basi, siku bomba lilipopasuka pale lilipochomelewa, akanipakia nyuma twende gereji kuchagua jipya.

Fundi wa gereji ni mtu mzima, muungwana, ovaroli limejaa grisi. Akatuwekea mabomba mawili juu ya meza.

"Kwa pikipiki ya kizamani kama hii, bosi, utachagua mwenyewe. Hili fupi liko wazi ndani, ukipita nalo wafu wanaamka! Hili refu ndilo lenye umbo la enzi zile hasa. Limejazwa pamba ya kumeza sauti. Pikipiki inapumua tu."

Klasiki akanigeukia, akatabasamu.

"Chagua wewe, mke wangu."

"Dada una bahati!" fundi akasema.

Bahati?! Nikichagua la kelele, nitaendelea kupigwa bila mtu kujua. Nikichagua la kimya, ananikuta na mtoto ndani...

Nikanyoosha kidole.

"Hili fupi."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Halafu akaniinamia sikioni, fundi asisikie.

"Nilijua utachagua hilo."

Nikageuka kumtazama.

"Mama kaniambia kila kitu. Ukinisikia kona unamficha mwanangu kwa watu. Sasa tuone utamficha saa ngapi."

Mama mkwe! Niliyempelekea machozi yangu... ndiye aliyenichongea! Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea.

"Funga hilo refu!" Klasiki akamwambia fundi.

Fundi alipofungua bomba bovu akaliweka sakafuni. Klasiki akanishika mkono wa kulia.

"Mbebee mumeo hilo la zamani."

"Bosi, acha! Bado lina moto!" fundi akapiga kelele.

Alikuwa ameshanibana kiganja juu yake. Nilisikia ngozi yangu ikilia, wallahi. Akaniachia pole pole huku akinitazama usoni.

"Jamani! Samahani, mke wangu, nilisahau."

Fundi akakimbilia maji. Alinitazama sana yule mzee, lakini nilipanda tu nyuma ya mume wangu. Tulirudi nyumbani. Pikipiki ilikuwa inapumua tu, kama alivyosema.

Tangu hapo sikuishi, nilikuwa nasubiri. Nilishona kwa mkono mbovu huku naangalia mlango kuliko sindano. Mara mbili alinitokea mgongoni akasimama tu, akacheka, akaenda kuoga. Alikuwa ananichezea.

Nikaamua nimhamishie binti kwa yule mama wa nyumba ya pili moja kwa moja. Nikafunga kifurushi cha nguo zake. Alasiri hiyo alikuwa amekaa chini ya meza ya cherehani anachezea vipande vya pazia, nami namvalisha viatu.

Nikaona viatu vingine kando ya vyake. Vikubwa!

"Hujanisikia, eh?"

Akamshika mtoto gauni. Sikufikiri. Nilimuuma mkono mpaka nikaonja damu yake! Akaachia, nikamsukuma binti nje mlango wa nyuma.

"Kimbia!"

Akakimbia. Klasiki akaupiga ule mlango kufuli, akanitazama.

"Nimebaki na wewe."

Akanipiga ngumi ya tumbo, nikakaa chini. Halafu, sijui niseme nini... mazoea yana taabu! Akaenda barazani, akawasha pikipiki, akafunga mpira wake kwenye mkono wa mafuta kama siku zote. Hasira zilikuwa zimemziba masikio. Akarudi, akapiga komeo la mbele.

Alianza na helmeti. Ilipomtoka mkononi akavunja mguu wa kiti, akanipiga nao mgongoni, mbavuni, kwenye magoti nilipojaribu kusimama. Kuna ubavu uliotoa mlio, nikajua huo umekwenda.

Nikapiga yowe.

Na jamani... nikajisikia!

Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya nyumba ile! Klasiki naye aliisikia, maana alisita. Nje, ndoo ilianguka. Mtu akauliza kwa sauti, "Nani huyo analia?"

Nikapiga la pili, kwa nguvu zote zilizobaki.

"Ananiuaaa!"

Mlango wa pembeni, ule unaoingia chumba cha mama mkwe, ukafunguka. Huo una ufunguo mmoja tu na anao yeye. Akaingia mbio, akapiga magoti, akaniwekea kichwa mapajani pake. Nilimshukuru Mungu! Nikasema mama ni mama, hatimaye amesikia, amekuja.

Akanifunika mdomo.

Kwa viganja vyote viwili, nyie! Akakandamiza mpaka meno yakanikata midomo.

"Nyamaza! Watu wanasikia!"

Nikatapatapa. Pua imejaa damu, mdomo umezibwa, pumzi hakuna. Yeye wala hakunitazama. Alikuwa anamfokea mwanawe.

"Mjinga wewe! Mimi nilikwambia habari za mtoto tu. Nani alikutuma ununue bomba la kimya?"

Komeo likang'oka! Seremala wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyekuwa mbele, nyundo mkononi, nyuma yake mtaa mzima. Wakakuta mguu wa kiti uko juu hewani, na viganja vya mama mkwe viko mdomoni mwangu. Hakuna aliyehitaji maelezo.

Seremala alimpiga Klasiki ngumi moja, akalala juu ya mapazia ya wateja wangu. Wengine wakammalizia mpaka mzee mmoja akasema basi, apelekwe polisi akiwa hai. Sitawadanganya, sikumwonea huruma.

Mama wa nyumba ya pili alikuwa amembeba binti yangu mgongoni, analia kuliko mimi.

"Dada nisamehe! Siku zote tulidhani anatengeneza pikipiki!"

Namwamini. Yule hakujua.

Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa amekaa palepale sakafuni, anafuta damu yangu kwenye gauni lake.

"Kumbe siku zote ulikuwa unasikia?"

"Ukuta wenyewe huu mmoja," akajibu. "Kila kitu nilikuwa nasikia. Ningefanyaje? Ni mwanangu."

Mtaa mzima ukamsikia. Hakuna aliyemsindikiza alipokwenda polisi kumwombea mwanawe.

Naandika haya kwa mkono wa kushoto, nimeegemea mto kwa ajili ya mbavu. Somo langu ni hili. Kelele za jirani yako zikizidi usiishie kucheka, kagonge mlango, hata kama ni kuomba chumvi. Na wewe dada unayepigwa, mtu wa ndani akikwambia hakusikia, usimpe siri yako tena. Vuka barabara ukamwambie mtu mwingine.

Sisi sasa tunakaa kwa dada yangu. Binti yangu anapiga kelele akicheza, mpaka dada anaziba masikio. Mimi simnyamazishi.