Koti la Regensburg

Jumanne ile Mwanaidi alikuwa pekupeku, na sakafu ya nyumba yao ni udongo uliosiribwa, lakini alipotoka chumbani nyayo zake zililia ko, ko, ko, kama mtu mwenye viatu vya ngozi anayetembea juu ya mawe.

Zamoyoni, mumewe, aliacha kutafuna.

"Mama Amira, umevaa nini miguuni?"

"Nimevaa nini tena? Si miguu yangu hii."

Kweli, miguu mitupu. Ila mwilini alikuwa na koti la kijivu la sufu, zito kama mlango, lililotoka kwenye belo la mitumba lililofunguliwa jana yake. Alilivaa ili apime mahali pa kushona kifungo. Kifungo kilishashonwa. Koti halikuvuliwa.

Zamoyoni hakuwa mtu wa kutishika upesi. Huyu ndiye aliyewauzia wachimbaji wa dhahabu wa pale Segese makoti ya mvua kiangazi, wakamshukuru na kumletea wengine. Ulimi wake ulikuwa mtaji mkubwa kuliko kibanda chake cha mitumba. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwaambia watu kwamba amekaa Ujerumani, amekula theluji kwa kijiko, na meya wa huko alilia siku anaondoka. Ukweli ni kwamba alifika bandarini Dar es Salaam, akaitazama meli siku mbili, akapanda basi akarudi. Ukweli huo aliujua Mwanaidi peke yake, naye hakuwahi kumwumbua hata siku walipogombana.

Usiku mkewe alipolala na koti lile lile, Zamoyoni akapenyeza mkono mfukoni mwa koti. Akatoka na karatasi iliyokunjwa. Koti lilikuwa kavu, karatasi imeloa, na baridi yake ni ya samaki wa kwenye barafu. Ilikuwa ramani ya watalii ya mji wa Ujerumani. Juu iliandikwa REGENSBURG, akalisoma jina hilo herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Chini kulikuwa na picha za mji wa kale, na tatu zilizungushiwa duara la kalamu nyekundu: lango la mawe, kanisa la minara miwili, na daraja la mawe juu ya mto mpana.

Jumatano nyumba nzima ilinuka sufu mbichi. Alhamisi saa sita mchana, jua la kupasua mabati, Mwanaidi alikuja kibandani, akakaa. Chacha, kinyozi wa kibanda cha jirani, akachungulia na mashine mkononi.

"Bwana Mjerumani, shemeji ameanza sigara?"

"Havuti."

"Basi ule moshi wa nini?"

Moshi ulikuwa pumzi yake. Ilimtoka mdomoni nyeupe, kama ya ng'ombe alfajiri ya mwezi wa saba. Zamoyoni akarukia vifungo amvue lile koti, na vidole vikaganda juu ya kifungo cha kwanza, vikawa vyeupe mpaka kwenye fundo. Mwanaidi akapiga ukelele, na ukelele haukuwa wake. Ulikuwa wa mwanamume mzee.

Mama Makoye aliletwa nyumbani kwao kwa bodaboda kutoka Kharumwa, maana kwa waganga wa upande ule, wafumu kama Wasukuma wanavyowaita, huyu hakuwa na mchezo. Akafukiza uvumba, akamimina marashi, akapiga magoti mbele ya mgonjwa.

"Mgeni, tumekupokea. Umempanda mtu wetu, ukamfanya kiti chako, bila salamu. Unataka nini? Pete? Mbuzi?"

Mdomo wa Mwanaidi ukafunguka. Kiswahili kilitoka kimoja kimoja, kama mtu anayetema kokoto.

"Mji. Nionyesheni mji. Mwenye koti alizungushia vitatu. Akafa njiani. Nikabaki mfukoni. Nikiona vitatu, nashuka. Jua likizama sijaona, naondoka na kiti."

Jua lilishapinda. Mama Makoye akaitazama ramani aliyopewa na Zamoyoni, akageukia watu waliojazana mlangoni. "Nani hapa anaujua mji wa Wajerumani?"

"Mbona yupo!" Chacha alisema, tena kwa fahari. "Zamoyoni amekaa huko!"

Zamoyoni akamvuta mganga nyuma ya nyumba.

"Mama, mimi mwongo. Huko sijafika."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Aliyekula theluji kwa kijiko hatangazi. Sasa nisikilize, Baba Amira. Huyo naye hajafika. Angekuwa amefika angeuliza? Mwonyeshe. Ila akishashuka funga mdomo. Usimuage, usimshukuru, neno lolote usimwambie. Umesikia?"

"Nimesikia."

Zamoyoni akashika ramani, akachukua kijiti, akakiinua juu kama alivyoona watembeza wageni wakifanya, akatangulia. Nyuma yake, ko, ko, ko.

Lango lilikuwa la mnada wa ng'ombe, nguzo mbili za mawe na bango la halmashauri. "Hili walijenga Warumi," Zamoyoni alisema, jasho likimwingia machoni. "Wafalme wote wa Ulaya wamepita hapa, na mmoja alisahau kofia." Mkono wa Mwanaidi ukapapasa jiwe, taratibu. Karatasini duara la kwanza likafutika lenyewe.

Kanisa ndilo lilitaka kumuua. Alikuwa amepanga kumwonyesha mashimo mawili ya dhahabu, maduara kama wachimbaji wanavyoyaita, yaliyochimbwa karibu karibu, kila moja limesimamishiwa mnara wa magogo wa kuvutia mifuko ya mawe. Wachimbaji wakaacha kamba, wakasogea pembeni bila kuambiwa. Yule mgeni akatazama juu muda mrefu.

"Karatasini minara ni ya mawe. Hii ni miti."

Pumzi nyeupe ikamgusa Zamoyoni shingoni. Akamwangalia mkewe, midomo imekuwa ya bluu, kope zina chembe nyeupe zinazometa kama chumvi.

"Inakarabatiwa," alisema. "Makanisa yote ya kale kule yanakarabatiwa. Unachokiona ni jukwaa la mafundi. Mnara wenyewe uko ndani."

Halafu kutoka chini ya ardhi, ndani ya shimo ambamo hakukuwa na kitu zaidi ya maji machafu na ngazi ya miti, kengele ikalia mara moja, nzito, mpaka magogo yakatetemeka na wachimbaji wakatimua mbio wakiacha sururu. Duara la pili likafutika.

Walipokwenda darajani jua lilikuwa limebakiza shibiri moja, na Zamoyoni akatembea huku hasikii tena hatua moja nyuma yake bali hatua zinazojibiwa na kuta ndefu za mawe ambazo hazikuwepo, akasikia madirisha yakifungwa juu ya kichwa chake pale ambapo palikuwa na mbingu tupu, akasikia harufu ya mto mkubwa katika nchi ambayo tangu mwezi wa tano haikuona tone, na hakuthubutu kugeuka, kwa sababu kama angeikuta Segese haipo, angekuwa ameitoa mwenyewe kwa mdomo wake. Daraja lilikuwa kijidaraja cha zege juu ya korongo kavu.

"Mto uko wapi?"

"Danubi ni mto wa heshima," alinong'ona. "Haujionyeshi kwa kila mtu. Inama usikilize."

Mwanaidi akainama. Zamoyoni naye akainama, na chini ya mchanga mkavu akasikia maji mengi yakipita, yakigonga nguzo.

Duara la tatu likafutika. Koti likamvuka Mwanaidi mabegani, likaanguka kama gunia. Yeye akapiga chafya, akasema kwa sauti yake, "Baba Amira, nina njaa."

Hapo ndipo furaha ilipompanda Zamoyoni kichwani. Miaka ishirini ya biashara haifi kwa siku moja. Upepo wa baridi ulipompita sikioni ukiondoka, mdomo wake ukafanya unachofanya kila mteja akiondoka.

"Karibu tena, mteja wangu! Na wenzako uwaambie!"

Upepo ukasimama kidogo. Kisha ukaenda.

Koti walilichoma. Jumatatu iliyofuata, asubuhi, Zamoyoni alikata kamba za belo jipya kibandani. Harufu ya sufu mbichi ikamjaa puani. Makoti ya kijivu, mengine meusi, yote mazito. Akaingiza mkono mfuko wa kwanza, akakuta karatasi iliyoloa. Wa pili. Wa tatu. Wa kumi. Lango, kanisa, daraja, na maduara mekundu ambayo wino wake ulikuwa haujakauka.

Mwanaidi, aliyekuwa akipanga henga za kutundikia nguo, akaiona ile karatasi mkononi mwake.

"Baba Amira," alisema polepole, "siku ile darajani ulisema nini?"

Nje, juu ya vumbi, zilikuwa zinakuja hatua. Ko, ko, ko. Si za mtu mmoja. Zilikuja kama watoto wa shule wanavyopanga mstari, zikasimama mlangoni kwa adabu.

"Hodi," ilisema sauti inayotema kokoto.

Mwanaidi akamziba mumewe mdomo kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote. Wakatulia hivyo, macho kwa macho, bila kupumua.

"Hodi."

Kwenye kibanda cha jirani, Chacha alikuwa ameinamia kichwa cha mteja, mashine inanguruma. Hakuinua uso.

"Karibuni, karibuni!" aliitikia kwa sauti. "Mwenyewe yumo humo ndani!"