Jua Juu ya Paa la Kombi

"Dada! Dada, usiikunje hiyo!"

Duka zima la vifaa vya umeme liligeuka. Ilikuwa Jumamosi, wateja wamejazana kaunta, kila mmoja anataka ahudumiwe yeye kwanza, lakini sauti ile ilizipita zote. Aliyeambiwa alikuwa mwanamke mwenye blauzi ya njano, suruali ya jinzi na kilemba cha maua. Mikononi alikuwa na paneli ya sola, ile nyembamba isiyo na kioo, akiiviringisha kama mkeka apate kuibana kwapani.

"Muuzaji kasema inapinda," alijibu kwa jicho kali.

"Inapinda, ndiyo, lakini haikunjwi. Hata mimi mgongo wangu unapinda, ila ukinikunja hivyo nitavunjika."

Watu wakaangua kicheko. Mwanamke naye akacheka, ingawa hakukusudia. Aliyemtania alikuwa kijana mrefu, ovaroli ya buluu imepauka kwa kufuliwa, bisibisi mfukoni. Mafundi wenzake wa umeme walimwita Volti. Yeye mwanamke alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na kwa kazi hiyo, na kwa ulimi wake, alijulikana kama Sindano.

"Unaifunga wapi?" Volti aliuliza.

"Juu ya paa la kombi yangu. Ziko nne."

"Nani anakufungia?"

"Namtafuta fundi asiye na maneno mengi."

"Basi nanyamaza kuanzia sasa."

Hakunyamaza. Alimbebea paneli hadi nje, akaongea njia nzima, na Sindano alijikuta akitamani njia iwe ndefu zaidi.

Kombi yenyewe ilikuwa imeegeshwa uani kwa mama yake. Sindano alikuwa ameng'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda, jiko dogo na meza ya cherehani. Ukumbi wa maigizo katika mji wa mbali ulikuwa umempa kazi ya kushona upya viti vyake vyote. Ukumbi ulikuwa kwenye ukarabati, umeme umekatwa, kwa hiyo angelala ndani ya kombi na kushona kwa umeme wa jua. Wenye kazi hawakumung'unya maneno: asipofika Jumatatu waliyopanga, kazi wanampa mwingine.

Volti alilisugua paa mpaka likang'aa, akalipaka gundi nyeusi, akazilaza paneli na kuzikandamiza kwa mifuko ya mchanga. Sindano alisimama kwenye ngazi akimpa vifaa, na kila kifaa kilichukua muda mrefu kutoka mkono huu kwenda ule.

"Nikimaliza, utaondoka," Volti alisema.

"Ndiyo nia yangu."

"Afadhali nifunge vibaya, mpenzi, ubaki."

"Thubutu!"

Alicheka, lakini neno lile lilimkaa rohoni. Mchumba wake wa kwanza alimwambia achague moja, yeye au safari. Alichagua safari, na ilimuuma kuliko alivyomwambia mtu yeyote. Tangu hapo aliamini kwamba kila mwanaume atakayempenda, ipo siku atamwambia asiende. Volti hakuwa amelisema bado. Alipiga simu asubuhi kuuliza kama amekula, akapiga mchana kuuliza kama amemkumbuka, na jioni alikuja mwenyewe. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mtaa mzima ulishajua.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, Sindano alirudi kutoka kununua sponji na nyuzi akakuta paa la kombi liko tupu. Nyaya zinaning'inia. Paneli zimeegemezwa ukutani, zimefunikwa shuka. Alimpigia Volti simu hapohapo.

"Umezitoa paneli zangu?"

"Nimezitoa, laazizi. Sikiliza, kesho usiondoke, kwa sababu..."

"Nilijua!"

"Ulijua nini?"

"Ulisema kwa mdomo wako utafunga vibaya nibaki! Kumbe nawe ni walewale!"

"Sindano, ngoja kwanza..."

Akakata. Akazima simu kabisa, akaketi kwenye ngazi na machozi ya hasira yakamtoka.

Mama yake alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Mwanamke yule aliishi kwa kuoka mikate, na mambo mengi ya dunia aliyapima kwa tanuri.

"Umemuuliza kwa nini kazitoa?"

"Sina haja ya kumuuliza."

"Kuuliza si ujinga, mwanangu. Njoo hapa."

Aliifunua paneli moja akaigeuza. Mgongoni ilikuwa imeanza kutoa malengelenge madogo. "Mkate ukiungua chini, juu unaweza kuonekana mzuri tu. Sasa gusa bati la gari lako."

Sindano aligusa, akarudisha kidole mbio.

"Mwenzio kaja asubuhi kukagua, kagusa, kaguna. Kashinda juu ya hilo paa akikata gundi kwa uzi, taratibu, zisije zikavunjika. Maji niliyompa hata hakuyanywa. Halafu wewe unamzimia simu."

Aibu ilimshika mpaka masikioni. Akawasha simu. Upande wa pili ilipokelewa kabla haijaita vizuri.

"Uko wapi?"

"Dukani. Natafuta plastiki ya kuinua paneli, hewa ipite chini. Kosa ni langu, nilizigandisha kwenye bati moja kwa moja, zinaiva. Zote nne bado zinatoa umeme, nimezipima. Ila gundi mpya haiwezi kukauka kesho, ndiyo maana nikasema usubiri."

"Na mimi nimekosa. Nimekuhukumu hujamaliza kusema. Nisamehe."





"Sema tena, limenoga."

"Usinichoshe! Leta hiyo plastiki, gundi iache hukohuko. Mimi nina turubai."

Wazo lilikuwa la mshonaji hasa. Alikata turubai gumu kwa kipimo cha paa, akalishonea mifereji kutoka mbele hadi nyuma. Ndani ya kila mfereji Volti akapitisha ukanda wa plastiki wenye matundu. Paneli zilikuwa na pete za chuma kwenye pembe. Sindano akazifunga juu ya mifereji kwa kamba, na ukingoni akashona mikanda ya kukaza kwenye keria, vile vyuma vya kufungia mizigo pembeni mwa paa. Wawili hao walifanya kazi wamepiga magoti, vichwa vinagongana, wakigombana na kubusiana mpaka mama mtu akakohoa dirishani.

Jumapili, jua la mchana likiwa kali, majirani walijazana uani. Volti alitia mkono chini ya paneli.

"Hewa inapita! Kanyaga, Sindano!"

Ndani ya kombi, Sindano alikanyaga pedali. Cherehani ikanguruma, kitambaa kikakimbia chini ya sindano, mshono umenyooka safi. Mama akapiga vigelegele, majirani wakavidaka. Sindano alitoka akarukaruka kama mtoto.

Volti akamsogelea, akajifuta mikono kwenye ovaroli.

"Nina neno kabla hujawasha gari."

Sindano akajikaza kulipokea. "Sema."

"Nataka uende ukashone mpaka kiti cha mwisho. Na nataka kukuoa. Sioni kwa nini hayo mawili yagombane."

Sindano alimkumbatia mama yake, akapanda, akawasha gari. Volti akaenda mwenyewe kwenye geti. Akalifungua upande mmoja, akalifungua na wa pili, akazishika mbao zisirudi, huku macho yamemjaa maji. Hakusema asubiri.

Kombi ilitoka, ikaingia barabarani, ikasimama ghafla katikati ya njia. Honi zikaanza nyuma. Sindano akatoa kichwa dirishani.

"Volti! Ndiyo!"

"Ndiyo nini?"

"Nakubali! Jumamosi walete wazee wako kwa mama! Halafu njoo unifuate!"

Volti aliliachia geti, akaruka huku anapiga kelele zisizo na maneno. Dereva wa lori akachungulia.

"Hongereni! Sasa dada, tupishe!"

"Napita, kaka, napita!" Sindano alicheka huku analia, akatia gia, akaenda zake kazini.