Mkono Juu ya Levye

Haya yalimpata mdogo wangu Chrispin, wa tumbo moja na mimi, kabla vita haijafunga barabara ya Uvira. Sehemu ya mwisho niliigusa kwa mikono yangu mwenyewe. Ningependa iwe ndoto, lakini haikuwa.

Jumamosi moja nilikuwa nachagua maharagwe kwenye baraza yetu hapa Nyalukemba, mjini Bukavu. Ukungu ulikuwa unaondoka juu ya ziwa, redio ya jirani ikiimba kwaya. Chrispin alikuwa uani, amelala chini ya gari lake, miguu tu ikionekana. Alikuwa anakata levye ya vitesi, kile chuma ambacho dereva anashika kubadilisha vitesi, yaani gia.

Alikuwa anabeba abiria kati ya Bukavu na Sange kwa Corolla ya zamani. Levye yake ilikuwa ndefu na legelege. Kuitoa vitesi ya pili kurudi ya kwanza, mkono ulikuwa unasafiri kama unatafuta kiatu chini ya kitanda. Chrispin alinieleza kwamba chuma hicho kimeegemea kiungo cha katikati: ukifupisha upande wa juu na kurefusha upande wa chini, kiganja kinasogea kidogo tu na vitesi imekwisha kuingia.

Sikumuuliza kwa nini anajisumbua. Nilijua. Miaka miwili nyuma alikuwa anapandisha mlima wa Ngomo, mke wake Noëlla akiwa na uchungu wa uzazi kwenye kiti cha nyuma. Katikati ya kona, kati ya vitesi ya pili na ya kwanza, gari lilizima. Likarudi nyuma, likagonga ukuta wa udongo. Walipoteza saa nzima. Walipofika Bukavu mtoto alikuwa ameshakufa. Tangu hapo Chrispin hakumlaumu Mungu wala daktari. Aliilaumu levye.

Kwa upande wa chini alihitaji chuma cha aina ileile, na alikuwa ameshakipata Sange. Jirani wa mama mkwe wake, mjane anayeitwa Euphrasie, alikuwa na gari lililopondeka uani, kuku wakilala ndani yake. Chrispin aliomba levye yake tu. Yule mama hakutaka kitu. Alimshika mikono miwili na kumwambia kwa sauti ndogo:

“Aksanti kwa kumutosha hapa.”

Chrispin alidhani mama amekosea neno, kwamba badala ya kusema kukitoa kile chuma, amesema kumtoa mtu.

Alichomelea kipande kile, akairudisha levye mahali pake. Tulizunguka mtaa pamoja. Vitesi ziliingia kwa kusukuma kidogo tu, tak, tak. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nilimwona mdogo wangu akicheka. Noëlla alikuwa na mimba tena, ya miezi minane, na alikuwa kwa mama yake Sange kupumzika.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha motere, Chrispin alishika levye na kukuta ina joto. Halikuwa joto la jua, kwa maana jua lilikuwa halijafika uani. Lilikuwa joto la mtu.

Jumatano, kwenye barabara tambarare ya Kamanyola, gari likiwa vitesi ya tatu, levye ilianza kuvuta. Nyuma, kushoto, halafu mbele. Ilikuwa inatafuta ya kwanza. Chrispin aliizuia kwa nguvu zote, maana ingeingia kwa mwendo ule, gari lingepinduka. Abiria aliyekaa pembeni yake alimwangalia, akanong’ona:

“Tonton, unabishana na nani?”

Ijumaa asubuhi, akitoka nyumbani, alihisi kitu chini ya kiganja chake. Vifundo vinne. Vya vidole.

Alirudisha gari uani palepale, akaniambia anakitoa kile chuma leo leo. Alikuwa ameshashika spana simu ilipolia. Alikuwa mama mkwe wake, Mélanie. Uchungu wa Noëlla ulikuwa umeanza mapema, mtoto amelala upande, daktari wa kituo hayupo. Waliambiwa wampeleke Bukavu apasuliwe, na haraka.

Tuliwapigia simu madereva sita. Mvua ilikuwa imewazuia wote. Njia ya lami inapita Rwanda, lakini karatasi ya Noëlla ya kuvukia mpaka ilikuwa imekwisha muda. Levye ya zamani ilikuwa imeshakatwa, na bila kile kipande gari lisingebadilisha vitesi. Chrispin aliniangalia, nikamwona amekuwa mzee. Kisha akaingia ndani ya gari na kuondoka.

Aliteremka Ngomo akishika levye kwa mkono mmoja kama mtu anayemshika mwizi. Alifika Sange saa nane, shati limelowa. Wakati Mélanie na majirani walikuwa wanamlaza Noëlla kwenye kiti cha nyuma, alikimbia kwa Euphrasie na kumuuliza kile chuma kilikuwa cha nani.

“Ya bwana yangu, Raphaël,” akasema. “Alianguka na batu saba kule Ngomo. Bale balipona balisema gari ilikuwa inarudia nyuma, na yeye alikuwa anatafuta première, vitesi ya kwanza. Hakuipata. Balimukuta mukono ingali inashika ile chuma.”

Chrispin alimuuliza kwa nini hakumwambia.

“Miaka tatu kila mangaribi nasikia levye inatikisika mule mu gari. Tak, tak. Tangu uliibeba, ninalala.” Akainamisha kichwa. “Unisamehe, papa.”

Hakukuwa na la kufanya. Noëlla alikuwa ameanza kuita jina la mtoto wao aliyekufa.

Saa kumi walikuwa chini ya mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka, udongo umekuwa sabuni. Mélanie alikuwa nyuma, kichwa cha binti yake mapajani, akisali rozari. Kiti cha mbele, pembeni ya dereva, kilikuwa kitupu.

Waliacha kona ya kwanza nyuma, kisha ya pili. Levye ilitulia, na kutulia huko kulimtisha zaidi.

Kwenye ile kona ya miaka miwili nyuma, motere ilianza kuzama. Vitesi ya pili ilikuwa imechoka. Chrispin alikanyaga ambreyaji, yaani klachi, akasukuma levye kwenda ya kwanza.

Haikwenda.

Alisukuma tena. Chini ya kiganja chake vidole vilikuwa vimekifunga chuma. Baridi sasa. Vimelowa. Gari lilisimama. Kisha likaanza kurudi.

Alikanyaga freni. Magurudumu yalisimama, lakini gari liliendelea kuteleza. Nyuma kulikuwa na ukungu, na chini ya ukungu, bonde.

Chrispin aliniambia baadaye kwamba hapo alimaliza maneno yote ya Kanisa. Hakubaki na sala. Alisikia pumzi karibu na sikio lake la kulia, pumzi fupifupi za mwanaume anayehangaika, na akaelewa kwamba yule mtu anaogopa kuliko yeye.

Basi akaachia levye. Akaweka mikono yote miwili kwenye usukani.

“Papa Raphaël,” akanong’ona. “Bibi yangu iko nyuma. Mutoto iko nyuma. Ingiza weye.”

Gurudumu moja la nyuma lilipoteza ardhi.

Tak.

Aliachia ambreyaji. Gari lilikamata udongo, likatetemeka, likapanda.

Hakugusa levye tena mpaka Bukavu. Ilibadilika yenyewe kila ilipohitajika, na yeye akawa anakanyaga tu.

Nilikuwa nawasubiri mlangoni pa hospitali. Noëlla alipasuliwa jioni ileile. Alipona, na mtoto, msichana, alilia kwa sauti iliyotutoa machozi sisi wote.

Nilitoka na Chrispin kuchukua mifuko iliyobaki kwenye gari. Nilifungua mlango wa mbele, nikamuuliza kwa nini amefunga mkanda kwenye kiti kisicho na mtu.

“Sikuifunga,” akasema.

Mkanda haukuwa umelala kwenye kiti. Ulikuwa umekaza, umetokeza mbele, umezunguka kama unapita juu ya tumbo la mtu mnene. Nilipitisha mkono wangu katikati. Hakukuwa na kitu. Lakini mkanda ulikuwa mgumu, na ulikuwa unapanda na kushuka, polepole.

Kitufe cha kufungulia mkanda kilikataa. Tulibonyeza wote wawili, kikakataa. Nilitoa kisu cha jikoni kwenye mfuko wa Mélanie, nikaukata.

Ulipokatika, sponji ya kiti iliinuka taratibu, kama inavyoinuka mtu akisimama.

Chrispin alitoa ile levye kesho yake, akaipeleka kwa padri, na padri akaizika. Haendeshi tena. Gari limekaa uani kwetu. Kile kiti nilikitoa mwenyewe, kwa sababu kwenye kitambaa kulibaki alama ya mgongo mpana, ya jasho. Nimekianika juani kiangazi chote.

Hakijakauka.