Ndala za Mama

Tangu tumzike baba, nilikuwa na ganzi. Silii, sicheki, nakula kwa sababu sahani iko mbele yangu. Mama yeye alijipatia dawa yake: kila alasiri alikwenda hifadhi ya pwani, akakatiza msitu mpaka ufukweni, akarudi kabla ya magharibi. Jioni ile alichelewa. Nikaenda kumchukua.

Getini pale kuna utaratibu mmoja tu. Unavua viatu, unaviweka kwenye rafu, unaingia peku. Ukitoka, unavivaa. Mlinzi, tunayemwita Mzee Kufuli, hafungi mpaka rafu iwe tupu.

Zilibaki ndala za mama peke yake.

"Mfuate mama yako, binti," alisema akichezea funguo. "Giza likiingia, humu si kwetu."

"Ni kwa nani, mzee?"

Akanionyesha rafu kwa kidevu. Nikaweka viatu vyangu kando ya ndala.

Miti ya mivinje haikuvuma. Ndege hawakulia. Mchanga uliolowa mvua ya mchana ulinigandia miguuni. Kisha harufu... udongo uliochimbwa sasa hivi. Naijua. Niliinusa makaburini.

Nilipaswa kuogopa. Wapi! Ganzi.

Kwenye kona nikamkuta mama amesimama, mtandio umemfunika nusu ya uso.

"Mama, umetutia wasiwasi."

"Twende, mwanangu," alinong'ona.

Getini aliipita rafu bila kuitazama. Nikasema moyoni, uchovu huo, na msiba nao haujapoa. Nikavaa vyangu, nikambebea ndala zake. Mzee Kufuli akaona rafu tupu.

Kacha! Akafunga.

Chini ya taa ya barabarani niliinama nimvishe. Miguu yake ilikuwa mikavu. Haikuwa na hata chembe ya mchanga. Nikaisukuma ndala... haikuingia.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mama hajawahi kuniita mwanangu. Tangu utotoni mimi ni Mapepe.

"Mapepe!"

Sauti ilitoka ndani ya geti, mbali, kwenye mivinje.

"Mapepe, ndala zangu ziko wapi?"

Nikalirukia geti. "Mzee, fungua! Mama yumo!"

Alimtazama yule aliyesimama nyuma yangu, kisha rafu.

"Viatu ndivyo vinavyomrudisha mtu, binti. Umevitoa bila mwenyewe."

"Basi fungua nivirudishe!"

"Sasa hivi? Sijui atakayetoka ni nani."

Kulipokucha tuliipekua hifadhi yote, mimi na Mzee Kufuli. Hatukuona mtu. Wajomba niliowaomba msaada waliniambia nikalale, msiba umenizidi. Nani atamtafuta mtu aliyekaa sebuleni akimenya vitunguu?

Sasa kila jioni naziweka ndala kwenye rafu. Mzee Kufuli huacha geti wazi, kisha huenda kukaa mbali. Kila asubuhi nazikuta palepale, nazirudisha nyumbani zisije zikaibiwa.

Jana yule wa nyumbani alinisimamisha mlangoni.

"Ndala za nani hizo unazozunguka nazo?"

"Za mama."

Akanyoosha mguu, akauingiza. Polepole.

Ilimkaa sawasawa.

Ganzi ikanitoka yote kwa mpigo. Nikakaa chini sakafuni, nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba. Akainama, akanishika bega kwa mkono wa baridi.

"Nyamaza," alisema. "Nyamaza, Mapepe."