Ndama Aliyekwama Darajani

Sogeeni karibu. Na wewe wa nyuma, unanisikia? Haya, midomo ifungwe, masikio yafunguliwe.

Huko Tukuyu kuna baridi. Tena kuna mvua. Mvua ya Tukuyu haijui likizo.

Katika nyumba moja ya Tukuyu anaishi Tusekile. Tusekile ni mdogo. Akikaa kwenye kiti, miguu yake inaning'inia.

Anaishi na Mama. Anaishi na Bibi. Anaishi na dada yake mkubwa, Atu.

Jioni hii Tusekile hana raha hata kidogo. Kesho asubuhi Dada Atu anakwenda shule ya bweni. Ni mbali, nyuma ya milima. Hatarudi mpaka shule zifungwe.

Chumbani, Mama anapanga tranka la Atu. Sare ndani. Sabuni ndani. Soksi ndani.

"Nyie watoto!" Mama anaita. "Tranka likifungwa, wote kitandani!"

"Ndiyo, Mama!"

Lakini Atu na Tusekile wana kazi. Kazi kubwa kweli.

Sebuleni kuna kompyuta ya Mama. Ndani ya kompyuta kuna gemu. Ndani ya gemu kuna ndama mdogo mweupe. Masikini, amepotea.

Mama yake yuko ng'ambo ya mto. Ndama apande kilima. Apite migombani. Avuke daraja. Hapo ndipo atamwona mama yake.

"Dada, leo atafika?" anauliza Tusekile.

"Leo atafika. Si nilikuahidi?"

"Kabla hujaondoka?"

"Kabla sijaondoka, Tuse."

Atu anashika kipanya. Tusekile anabonyeza kitufe cha kuruka. Kitufe hicho ni chake, na mtu mwingine asikiguse!

Ndama anapanda kilima. Tika, tika, tika. Ndama anapita migombani. Chaka, chaka, chaka. Ndama anafika darajani. Anainua mguu mmoja...

Vuuu... vuuu... vuuu...
Pyu!
Kioo cheusi tii. Ndama hayupo.

"Aaa!" anasema Atu.

"Aaa!" anasema Tusekile. "Amekwenda wapi?"

Atu anaangalia waya. Waya umechomekwa vizuri. Anaangalia taa ya dari. Taa inawaka, umeme upo. Anabonyeza, kompyuta inawaka tena.

Lakini ndama yuko chini ya kilima. Amerudi mwanzo kabisa. Amesimama peke yake na kusema, "Mooo."

"Tuanze tena," anasema Atu.

Wanaanza tena. Ndama anapanda kilima. Tika, tika, tika. Ndama anapita migombani. Chaka, chaka, chaka. Daraja lile pale...

Vuuu... vuuu... vuuu...
Pyu!
Kioo cheusi tii. Ndama hayupo.

Sasa Tusekile anavimbisha mashavu. Machozi yako karibu.

Pembeni ya kioo kuna boksi la kompyuta. Ni boksi kubwa, la chuma. Huko ndani ndiko kunakolia vuuu, vuuu. Tusekile analigusa kwa kidole kimoja.

"Dada! Linatetemeka!"

"Linatetemeka?"

"Ndiyo. Linasikia baridi."

Msimcheke Tusekile. Tukuyu ni Tukuyu. Anayetetemeka hufunikwa. Na nyumba hii ni ya Bibi, na kwa Bibi kila kitu hufunikwa. Chupa ya chai imefunikwa. Redio imefunikwa. Hata boksi la kompyuta limefunikwa kitambaa cheupe, Bibi amekifuma kwa mkono wake. Kimeshuka mpaka nyuma.

Tusekile anakimbia. Anarudi na kitenge. Anakitandika juu ya boksi.

"Pole, kompyuta," anasema. "Sasa utapata joto."

Wanaanza tena. Ndama anapanda kilima. Tika, tika, tika. Ndama anaingia migombani. Chaka...

Vuuu... vuuu... vuuu...
Pyu!
Kioo cheusi tii. Ndama hayupo.

Loo! Safari hii hata daraja hakuliona.

"Bado linasikia baridi," anasema Tusekile. Anavua sweta lake. Anaivisha kompyuta.

Wanaanza tena. Ndama anapanda kilima. Tika, tika...

Vuuu... vuuu...
Pyu!
Kioo cheusi tii. Ndama hayupo.

Bibi anatoka jikoni. Anafuta mikono kwenye kanga. "Kuna nini humu? Mnalia vuuu, mnalia pyu!"

"Si sisi, Bibi," anasema Atu. "Ni kompyuta. Inazima kila mara."

"Nipisheni." Bibi anainama. Anaipiga ubavuni. Pa! Pa! "Redio ya babu yenu ilikuwa hivihivi. Ukiipiga, inaimba."

Kompyuta haiimbi.

"Bibi, inasikia baridi," anasema Tusekile. Midomo yake inatetemeka. Sasa naye hana sweta.

"Masikini wee," anasema Bibi. Anakwenda chumbani. Anarudi na blanketi. Blanketi zito, la mistari. Analifunika boksi gubigubi, mbele na nyuma.

Wanaanza tena. Ndama anasimama chini ya kilima. Anafungua mdomo. "Moo..."

Pyu!
Kioo cheusi tii. Ndama hayupo.

Hata mguu hakuinua.

Bibi anatikisa kichwa. "Sikio la kufa halisikii dawa," anasema.

Tusekile anageuka. Macho yamemtoka. "Bibi! Itakufa?"

"Ni msemo tu, mjukuu wangu. Ni msemo."

Lakini Tusekile ameshasikia. Anashuka kwenye kiti. Anakaa sakafuni. Analia.

Analia kwa ajili ya kompyuta. Analia kwa ajili ya ndama. Nje kuna giza, nje kuna mvua, na ndama yuko peke yake chini ya kilima.

"Mama yake atachoka kumngoja," analia Tusekile. "Ataondoka. Ndama atafika, hamkuti!"

Atu anakaa sakafuni pia. "Hataondoka, Tuse."

"Wewe je? Si unaondoka kesho?"

Atu anamshika mkono mdogo wake. Naye machozi yanamtoka. Jamani, jioni hii ni mbaya.

Kutoka chumbani wanasikia sauti. Kacha! Ni tranka. Limefungwa.

"Basi," anasema Atu polepole. "Tumeshindwa."

"Tumeshindwa," anasema Tusekile.

Anainuka. Anataka kuiaga kompyuta. Anaingiza mikono chini ya blanketi na kulikumbatia boksi. Anaweka shavu lake pale.

"Lala salama, kompy... Ii! Dada! Linachoma!"

"Linachoma nini?"

"La moto! La moto sana!"

Bibi anakuja mbio. Anageuza mkono. Anagusa kwa mgongo wa kiganja, kama anavyogusa paji la uso la mtoto mgonjwa.

"Haa!" anasema Bibi. "Hii haina baridi. Hii ina homa!"

Wote watatu wanatazamana.

Tusekile anapenga kamasi. Anafikiri. Anafikiri sana.

"Bibi, mimi nilipokuwa na homa, nililia baridi. Ukanifunika."

"Nilikufunika, ndiyo."

"Halafu nesi akasemaje?"

Bibi anafungua mdomo. Anaufunga. Anaufungua tena. "Nesi alinigombeza," anasema. "Alisema, 'Bibi, mtoto ana homa, usimfunike! Mfunue apate hewa.'"

"Tumfunue!" anapiga kelele Tusekile.

Blanketi, toka! Sweta, toka! Kitenge, toka!

Kimebaki kitambaa cheupe. Tusekile anakishika pembeni.

"Hicho kiache," anasema Bibi. "Hicho ni pambo. Kitambaa changu hakina kosa."

"Bibiii..."

"Nilikifuma mwezi mzima!"

"Bibi, ina homa."

Bibi anaguna. Bibi anakitoa mwenyewe. Anakikunja vizuri na kukiweka mapajani.

Nyuma ya boksi kuna matundu madogo madogo, mengi. Kati ya matundu kuna feni ndogo. Tusekile anachungulia.

"Dada, hii ni pua."

Atu anacheka huku akilia. "Kweli, Tuse! Hapa ndipo inapopumulia. Tulikuwa tumeiziba pua."

"Tangu lini?"

Wanamtazama Bibi. Bibi anatazama dari.

"Niletee maji niipanguse," anasema Bibi haraka. "Homa hupanguswa kwa kitambaa chenye maji."

"Hapana, Bibi!" anasema Atu. "Kompyuta haitaki maji kabisa. Maji na umeme ni hatari. Tuizime tu. Ipumzike."

Wanaizima. Wanafungua dirisha. Baridi ya Tukuyu inaingia, na leo hakuna anayeilalamikia. Tusekile anachukua ungo. Anapepea. Fe, fe, fe. Mkono unachoka. Anabadilisha mkono. Fe, fe, fe.

Mama anasimama mlangoni. "Tranka limefungwa. Mbona watu hawako kitandani? Na dirisha la nini?"

"Mama, mgonjwa anapata hewa," anasema Tusekile.

Mama anamtazama Tusekile na ungo wake. Anamtazama Atu na macho yake mekundu. Anavuta kiti na kukaa.

"Mara moja tu," anasema Mama. "Ikizima, mnalala."

Tusekile anagusa boksi kwa shavu. Limepoa.

Atu anawasha. Ndama yule, chini ya kilima. "Mooo."

Ndama anapanda kilima. Tika, tika, tika. Hakuna pyu.

Ndama anapita migombani. Chaka, chaka, chaka. Hakuna pyu.

Ndama anafika darajani.

Vuuu...

"Usizime," ananong'ona Tusekile.

Vuuu...

"Tafadhali usizime."

Vuuu...

"Ruka, Tuse!" anasema Atu. "Ruka sasa!"

Tusekile anabonyeza. Ndama anaruka. Ubao wa kwanza, ubao wa pili, ubao wa mwisho. Ng'ambo!

Na pale ng'ambo amesimama ng'ombe mkubwa mweupe. Hakuchoka. Hakuondoka. "Mooooo!" anasema ng'ombe. "Moo!" anasema ndama. Ng'ombe anamlamba usoni, kwenye masikio, kila mahali.

Bibi anapiga vigelegele. Mama anapiga makofi. Atu anambeba Tusekile na kumzungusha mpaka kizunguzungu.

"Alikuwepo!" anapiga kelele Tusekile. "Muda wote alikuwepo!"

Sasa ni kulala. Mama anafunga dirisha. Bibi anazima taa. Dada wawili wanalala kitanda kimoja, pua kwa pua.

"Dada."

"Mm?"

"Kompyuta ilipokuwa inazima, yule ng'ombe alikuwa bado anangoja?"

"Alikuwa anangoja."

"Hata kioo kilipokuwa cheusi?"

"Hata kioo kilipokuwa cheusi."

Mvua inaanguka juu ya bati. Ta, ta, ta.

"Dada."

"Lala, Tuse."

"Na mimi nitakungoja mpaka shule zifungwe."

"Najua. Lakini bado sijaondoka. Utaanza kesho."

"Aa-aa," anasema Tusekile, na macho yanafumbika. "Nimeshaanza."