Moshi Juu ya Vilima

Soko lilikuwa limefurika siku ile mwanamke aliyevaa kaki iliyopigwa pasi ikanyooka aliposimama mbele ya kibanda cha muuza viatu, akaulizia mabuti ya mpira.

"Mrembo kama wewe na mabuti? Nina mchuchumio hapa unakulilia wewe tu."

"Utalia zaidi ukizama kwenye matope, kaka. Mimi ni mkuu wa hifadhi."

Akaondoka na mabuti, na roho ya muuza viatu akaenda nayo. Simu zikaanza.

"Ndege wangu, umeamkaje?"

"Salama, mpenzi, ila nyati wametoka tena."

Alisimamia bwawa la matete nje kidogo ya jiji, pamoja na vilima vya nyasi vilivyolizunguka. Kila kiangazi aliongoza askari wake kuchoma ukanda wa nyasi mapema, ili moto mkubwa ukija ukose njia. Msimu huo muuza viatu hakuupenda hata kidogo.

Mchana mmoja akaona moshi mweusi umetanda juu ya vilima. Akapiga simu. Kimya. Akapiga tena na tena, jasho likimtiririka, mteja kasimama mbele yake na kiatu kimoja mkononi. Mwishowe ikapokelewa. Sauti ya mwanamume.

"Amelala. Usimsumbue."

Simu ikakatwa. Hofu ikageuka wivu. Akaizima yake, akajiambia yamekwisha.

Kesho yake mdogo wake yule mwanamke akaingia kibandani, macho mekundu.

"Shemeji, simu umezima ya nini? Upepo uligeuka! Dada yuko hospitali, tangu jana anakuulizia."

Alitoka mbio, kibanda akakiacha wazi. Alimkuta amefungwa bandeji mikono yote, sauti imekauka kwa moshi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilipiga... mwanamume akaniambia umelala."

"Dereva wangu. Nilikuwa nimechomwa sindano ya usingizi. Wewe ukadhani nini?"

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, mpenzi. Wivu uliniziba macho."



"Nikipona narudi kule kule," alisema mwanamke. "Ule ukanda haujakwisha."

"Basi nitakuwa roho juu kila nikiona moshi. Hofu hii haitanitoka."

"Nani kakuambia ikutoke?" Akamsogezea mkono wenye bandeji. "Nioe nayo hivyo hivyo."