Shahidi wa Gharibu

Maji ya barafu yenye harufu ya kamba yalimwagika kutoka kwenye ndoo ya Zamda yakamwingia kijana wa watu kiatuni, katikati ya stendi ya Kibiti, wakati basi la Lindi limesimama na wauza machungwa wamelizingira wakipigana vikumbo madirishani.

"Dada, kiatu changu kimekukosea nini?"

"Samahani kaka'angu, nimesukumwa."

"Na nani? Mbona nyuma yako hamna mtu?"

Zamda akageuka. Kweli, nyuma yake palikuwa na pikipiki tu, imeegeshwa. Akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, kicheko kikamtoka hivyo hivyo. Alikuwa amevaa gauni la kitenge la manjano alilolishona kwa ajili ya kazi mpya, na sasa pindo lake nalo lilinuka kamba ambao mama yake alimfungashia kutoka Nyamisati. Yule kijana alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, shati limefunguliwa vifungo viwili, na maranda ya mbao yamemganda nyweleni mpaka masikioni.

"Weye fundi wa kiwanda cha mbao cha Bosi Sadala," Zamda akasema.

"Nani kakwambia?"

"Masikio yako. Na miye Jumatatu naanza kazi hapo hapo. Ofisini, ukarani."

"Basi nitakuja kudai kiatu ofisini," akasema, akamtwisha ndoo yake. "Naitwa Gharibu. Mtu wa Bungu. Uniandike vizuri, usiniandike wa kupita."

Jumatatu alikuja kweli, na ndala moja mguuni na kiatu kimoja mkononi, makarani wote wakacheka. Huo ukawa ndio mwanzo.

Kibiti ni mji wa barabara. Mapenzi hayana pa kujificha. Walikunywa chai pamoja nyuma ya soko, wakaongozana jioni mpaka njia panda, na walipoachana simu zikaanza.

"Umekula, mahabuba?"

"Nimekula. Weye je?"

"Nimekula ugali na sauti yako. Sauti imekwisha, ugali umebaki. Hebu sema tena."

"Muongo mkubwa! Kalale."

Lakini saa za kazi Gharibu alikuwa mtu mwingine. Koti lake lenye simu alilitundika kwenye msumari mlangoni, hakuligusa mpaka msumeno uzimwe. "Pale hata mama yangu simpokelei," alimwambia Zamda. "Yule mnyama hajui utani."

Na mnyama yule hakuwa na kinga. Bati la kufunika meno ya msumeno lilikuwa limefunguliwa kwa amri ya Bosi Sadala, kwa kuwa lilizichelewesha mbao. Gharibu alikwenda ofisini kulalamika, akarudi tena mara ya pili. Mara zote mbili Zamda alikuwa mezani kwake na alisikia kila neno.

"Anayeogopa msumeno akauze karanga," Sadala alijibu. Alikuwa mtu wa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na manukato ya udi, sauti yake ya chini kama ya mtu anayekuombea dua. "Mbao zangu hazingoji."

Gharibu alikuwa ameahidi kupeleka wazee wake Nyamisati baada ya Idi. Kwa ajili ya posa hiyo aliinamisha kichwa akarudi mashineni.

Asubuhi moja Zamda alimpigia, kumwambia tu kwamba mama amekubali. Alijua hatapokea, ila alitaka aione namba yake atakapotoka. Simu iliita mpaka ikakatika. Kabla hajaiweka mezani alisikia kelele kutoka karakana, si kelele ya msumeno. Alikimbia na viatu vyake vya ofisini. Ubao ulikuwa umeruka, ukauvuta mkono wa kulia wa Gharibu kwenye meno yasiyo na kinga, na kiganja hakikuwepo tena. Koti lake lilikuwa bado msumarini, simu ndani yake.

Alipopelekwa hospitali, Bosi Sadala alimwita Zamda ofisini akafunga mlango.

"Mwanangu, unampenda yule kijana?"

"Nampenda, Bosi."

"Basi msaidie. Ikijulikana kinga haikuwepo, wanafunga kiwanda. Kiwanda kikifungwa, nani atamtibu? Nani atakulipa weye? Nimeambiwa ulimpigia simu asubuhi. Sema alipokea, mlikuwa mnaongea. Ionekane ajali ya bahati mbaya. Mimi nitamtibu mpaka apone, halafu nitamkalisha getini, kazi nyepesi. Mtaoana, mtakula."

"Lakini hakupokea, Bosi."

"Nani anajua hilo zaidi yako?"

Zamda alimfikiria mama yake anayemenya kamba kwenye baridi ya barafu mpaka kucha zinamtoka. Alifikiria geti, Gharibu amekaa kwenye kiti kivulini. Alikuwa na hofu pia, na hofu hiyo aliipa jina la huruma. Mbele ya msimamizi na mhasibu akasema: "Alikuwa anaongea na mimi."

Wiki haikuisha. Sadala alimwambia waende wote kumwona mgonjwa. Zamda alibeba uji wa mchele kwenye chupa na kanga mpya ya kumfunika. Gharibu alikuwa amelala, mkono uliofungwa bandeji umewekwa juu ya mto. Alipomwona Zamda alitabasamu.

"Mahabuba. Nilijua utakuja."

Sadala alivuta kiti, akakaa, akaitengeneza kanzu magotini.

"Pole sana, Gharibu. Mungu akupe nafuu. Nimekuja kukuambia kazi imekwisha. Umeachishwa kwa utovu wa nidhamu, kutumia simu kwenye mashine."

"Simu? Bosi, simu ilikuwa kwenye koti! Nani amesema?"

"Uliyekuwa unaongea naye." Sadala akamwelekeza Zamda kwa kidevu. "Shahidi si huyu hapa, na uji wake?"

Gharibu alimtazama Zamda. Zamda alimwona Sadala anavyomwangalia, akaiweka chupa ya uji kitandani.

"Bosi, uliniambia utamweka getini," alisema mwisho, kwa sauti ndogo.

"Getini?" Sadala alicheka taratibu. "Mlinzi wa mkono mmoja? Mwizi akija atampungia?"

Akatoka. Gharibu alijaribu kuisukuma ile chupa, akaisukuma kwa mkono usiokuwa na kiganja, akapiga ukelele mpaka muuguzi akaja mbio. Zamda alipoinama kuokota chupa alisikia sauti ya Gharibu juu ya kichwa chake: "Mtoeni huyu. Mtoeni, naomba mtoeni."

Alimpigia kila siku. Hakupokelewa. Kiwandani aliendelea kukaa mezani kwake, akisikia msumeno ukiimba na fundi mwingine; bati bado halijarudishwa. Wenzake walimwita "Simu" kwa dhihaka, na siku ya mshahara Sadala alimsifu mbele ya watu kwa uaminifu.

Ndipo alipokwenda kwa Bi Sijaona, mama mnene wa baibui jeusi aliyekuwa msaidizi wa kisheria, mwenye meza na viti viwili karibu na soko. Zamda alimweleza yote. Bi Sijaona hakumbembeleza.

"Umemuuza mtu, na hata bei hukupewa," alisema. "Sasa nisikilize. Bosi wako alikudanganya mwanzo mpaka mwisho. Mtu akiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Uzembe peke yake hauondoi fidia, sembuse uzembe wa kutungwa. Mwajiri wajibu wake ni kutoa taarifa ya ajali, naye hakutoa kwa kuwa hakuwaandikisha wafanyakazi wake huko. Na kumfukuza mtu yuko kitandani, bila kumwambia kosa, bila nafasi ya kujitetea, bila hata mwenzake wa kumsindikiza kikaoni, huko si kufukuza. Huko ni kutupa."

"Gharibu anajua haya?"

"Alikuja akiwa bado na bandeji. Nimemfungulia lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukifukuzwa una siku thelathini tu. Zikipita unaanza kuomba radhi ya kuchelewa. Tuliwahi. Usuluhishi umeshindikana, Sadala kakataa kila kitu. Sasa tunakwenda mbele ya mwamuzi, na neno pekee linalotuzuia ni lako."

"Nitakwenda kulifuta."

"Utapoteza kazi."

"Najua, Bi Sijaona."

Jioni ile ile simu yake iliita. Aliona jina, akakaa chini kwenye kizingiti.

"Zamda."

"Gharibu? Gharibu wangu?"

"Bi Sijaona ameniambia tu kwamba ulifika kwake. Nimekaa nikafikiri. Nimekumisi, mahabuba."

Zamda alilia. Tangu hapo ikawa kama zamani. Kila jioni simu, umekula, umelala, sema tena. Walionana mgahawani pale wanapoteremka abiria wa Dar, yeye kwa mtandio wa waridi, Gharibu kwa shati la mikono mirefu, mkono wa kulia wa shati umefungwa fundo. Gharibu hakuagiza chakula. Zamda alielewa: ataona haya kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Aliagiza wali kwa samaki wa nazi, akanawa, akamega tonge, akampelekea mdomoni. Watu wa meza ya pili walitazama pembeni. Gharibu alitafuna, macho yameloa.

"Shauri likiisha," akasema, "wazee wangu watakwenda Nyamisati."

"Hata lisipoisha nitakungoja."

"Litaisha. Weye sema tu kweli, mahabuba."

Kibaha, mbele ya mwamuzi wa Tume, Zamda aliapa akasimama amevaa baibui lililopigwa pasi. Alisema kwamba simu iliita mpaka ikakatika. Alisema kwamba koti lilikuwa msumarini. Alisema mara zote mbili Gharibu alipolalamikia kinga, na Sadala alijibu nini, neno kwa neno.

"Kwa nini mwanzo ulisema vingine?" mwamuzi akamwuliza.

"Nilidanganywa, mheshimiwa. Na niliogopa. Vyote viwili."

Walipotoka, Sadala alimfuata kwenye ujia. Hakupandisha sauti.

"Kiwandani kwangu usikanyage tena. Tangu sasa. Na kwa kuwa umezoea kusema, kamwambie mama yako sababu."

Gharibu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, peke yake, alisikia yote. Bi Sijaona alikuwa bado ndani na mafaili yake.

Uamuzi ulipotoka ulikuwa wa Gharibu. Kuachishwa kwake hakukuwa halali, si kwa sababu iliyotolewa wala kwa utaratibu uliofuatwa. Sadala aliamriwa amlipe stahiki zake. Madai ya fidia ya mkono nayo yalikuwa yamefika kwenye Mfuko, na Sadala alikuwa na maswali mengine ya kujibu huko. Zamda alizisikia habari kwa Bi Sijaona. Gharibu hakupiga simu siku ile, wala iliyofuata. Alipopiga, alisema wakutane stendi.

Zamda alivaa gauni la manjano. Alimkuta kando ya vibanda vya tiketi, ana begi begani.

"Unasafiri?"

"Nakwenda kwa kaka'angu Mbagala. Nitafungua duka la mbao. La kuuza, si la kupasua."

"Na wazee? Wanakwenda lini Nyamisati?"

Gharibu aliangalia chini. Basi lilipita, likawafunika kwa vumbi.

"Hawaendi, Zamda."

"Kwa nini?"

"Nilihitaji shahidi."

Hakumwelewa upesi. Alipoelewa, alishika chuma cha kibanda.

"Zile simu? Mahabuba, umelala, sema tena?"

"Niliogopa utageuka tena. Nilijisemea, alinimaliza kwa simu, na miye nitampata kwa simu. Kila nilipokupigia, huu mkono ulikuwa unaniuma. Usiokuwepo. Ulikuwa unaniuma vidole."

"Na siku ile niliyokulisha?"

Gharibu akaliweka sawa begi begani. "Siku ile sijui."

Mpiga debe aliita abiria wa Dar. Zamda alifuta uso kwa kiganja, akauweka sawa mtandio.

"Bi Sijaona hajakwambia, eh? Nilikwishamwahidi kwenda kabla hujanipigia hata mara moja. Ningesimama pale nikasema vile vile, Gharibu. Ungeninyamazia mpaka mwisho, ningesema vile vile. Ulijisumbua bure."

Gharibu alimwangalia kama mtu aliyepigwa kofi na asiyejua litokako. Akasogea hatua. Zamda akarudi nyuma hatua.

"Sadala alinifukuza kwa sababu ya kusema kweli mbele ya Tume," akasema. "Nimefungua lalamiko langu, siku zangu hazijapita. Atakana kwamba alinifukuza. Atasema niliacha mwenyewe. Pale kwenye ujia tulikuwa watu watatu: yeye, miye na weye."

"Zamda..."

"Utakuja au huji?"

Mpiga debe alimshika Gharibu begi, akidhani ni abiria wa kuharakishwa. Gharibu akamnyang'anya kwa mkono wake mmoja.

"Nitakuja," akasema. "Wallahi nitakuja."

"Tarehe utaipata kwa Bi Sijaona," Zamda akamjibu, na akaanza kuondoka. "Njoo useme ulichokisikia. Mengine usije nayo."